Servius Hostidius Pansa, Mume Aliyebadilishana Bakuli na Mkewe

Ndugu wa ukoo wa Hostidius, waheshimiwa wa Seneti, majirani na marafiki: haya ni maisha ya Servius Hostidius Pansa, tunayemsindikiza leo. Yameandikwa na binti yake, Hostidia. Kama desturi yetu inavyotaka, yanasomwa na ndugu wa kiume aliye karibu zaidi, naye ni mdogo wa marehemu, Aulus. Nakala zimegawiwa kwa wageni tangu asubuhi, ili anayependa afuatilie kwa macho.

Marehemu alizaliwa Praeneste siku ya tano ya mwezi wa Quintilis, kabla mwezi huo haujapewa jina jipya, mwaka wa 671 tangu Roma ianzishwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gnaeus na Bi Satria. Hajaanza hata kutembea, mji wao ukazingirwa na jeshi la Warumi wenzao, na ulipojisalimisha wanaume wakapangwa uwanjani kwa makundi. Mzee Gnaeus aliwekwa katika kundi la kusamehewa. Makundi mengine hayakurudi nyumbani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kujua ni nani aliyemsogeza upande ule, wala kwa nini, na wanawe wawili walikua wakimwona akitazama mlangoni kila mbwa alipobweka.

Marehemu alisoma Roma kwa mwalimu Mgiriki, kisha mwaka wa 691 akavuka bahari kwenda Rhodes kujifunza ufasaha wa kusema. Walimu wake walimsifu kwa kusikiliza. Kusema kwenyewe, walikiri, alikuwa anasema kidogo sana kwa mtu aliyelipiwa nauli ya mbali hivyo.

Aliingia Seneti mwaka wa 702. Miaka mitatu baadaye mkubwa mmoja alivuka mto na jeshi lake kumpiga vita aliyekuwa mkwewe, na tangu hapo hapakuwa na mjumbe aliyelala usingizi mzima. Waheshimiwa mliopo mnajua tunavyopiga kura: anayekubaliana na msemaji huinuka akaenda kusimama upande wake, mbele ya macho ya wote. Marehemu alikuwa na tabia ya kuinama kufunga kamba ya kiatu wakati wa kura, akaifunga na kuifungua mpaka aone upande gani umejaa. Mheshimiwa mmoja alimwambia, “Hostidius, kiatu chako kina siasa kuliko wewe.” Alijibu kwamba ndiyo maana kiatu chake bado kina mguu ndani.

Wengi waliomcheka siku hiyo hawapo. Mshindi wa vita ile alichomwa visu kikaoni na watu aliokula nao, na waliomchoma nao wakawindwa nchi nzima. Nyumbani kwa marehemu wakubwa hawakutajwa kwa majina. Aliyeshika Roma aliitwa Huyu, mpinzani wake aliitwa Yule, hata jikoni.

Marehemu alifunga ndoa mara mbili. Mke wa kwanza, Numisia, alifariki mwaka wa 709 akimzaa Hostidia. Mke wa pili ni Bi Vibidia, aliyeolewa mwaka wa 714. Mwaka huo Huyu na Yule walipatana Brundisium, Yule akamwoa dada yake Huyu, na wafuasi wa pande zote mbili wakaanza kuozana kwa kuiga. Marehemu alikuwa mtu wa upande wa Huyu, na kaka yake Vibidia alikuwa ofisa wa Yule. Bibi harusi aliletwa na mpishi wake, Tryfera, na kati ya mume na mke hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho zuri.

Jioni ya kwanza, kabla ya kula, marehemu alisukuma bakuli lake upande wa mkewe na kuvuta la mkewe. Vibidia akala. Jioni ya pili alilisukuma yeye kwanza. Ikawa hivyo kila siku, bila maneno, kwa miezi. Kisha jioni moja Vibidia alificha kipande kinono cha samaki chini ya mboga katika bakuli lake mwenyewe, akijua litakwenda kwa mumewe. Walipobadilishana, akakuta bakuli alilopewa lina kipande kama hicho, kimefichwa vilevile.

Akasema, “Baba Hostidia, wewe unaniwinda au unanilisha?”

“Bado nachunguza,” akasema marehemu.

Kuanzia hapo waliongea. Kubadilishana hawakuacha.

Mwaka wa 722 Yule alimpa talaka dada yake Huyu, na vita ikawa wazi. Wanaume wa upande wetu waliowaoa dada za watu wa Yule waliwarudisha kwao, wengine siku hiyo hiyo. Aulus, anayewasomea, alikuja mchana kumsihi kaka yake.

“Kaka, mrudishe. Dada wa mkubwa mwenyewe kafukuzwa, na wewe bado unamlea dada wa ofisa wao? Watu wanakutazama.”

Marehemu alikuwa anamenya yai. “Nikimrudisha, nitabadilishana bakuli na nani? Na wewe?”

“Na mimi, kwani kuna ubaya gani?”

“Wewe, mdogo wangu, hata yai lako silili.”

Vibidia alikuwa nyuma ya pazia, akacheka kwa sauti. Aulus hakukipenda kicheko kile, na hajakisahau. Lakini alikuja kwa mapenzi ya ndugu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Vita ilikwisha, Huyu akabaki peke yake juu, na nyumba ya marehemu haikuguswa. Sababu hatuijui, kama Mzee Gnaeus asivyoijua ya kwake.

Mwezi wa Sextilis mwaka huu wa 731, homa iliyoenea Roma iliingia mtaani kwetu. Marehemu alilala kitandani siku ya sita ya mwezi. Siku ya kumi na mbili aliletewa uji wa shayiri na asali, na ingawa nguvu zilikuwa zimemwisha alilisukuma bakuli lake kwa Vibidia na kuvuta la mkewe. Alimeza vijiko viwili vitatu, akashindwa. Vibidia alilichukua bakuli lile lile, akaumaliza uji ule kwa kijiko kile kile. Walioona ni Hostidia na daktari Hikesio. Aulus alikuwa ameshaaga, yuko mlangoni. Marehemu alifariki tarehe kumi na nne alfajiri, na mdogo wake aliliita jina lake mara tatu, kama ipasavyo.

Mwili ulipolazwa ukumbini, Aulus aliinua shuka, akaona madoa ya zambarau kifuani.

“Shemeji,” akasema mbele ya watu, “ulijua atachukua bakuli lako. Anayejua hivyo anaweka sumu katika la kwake.”

“Nilijua,” akasema Vibidia. “Nimejua miaka kumi na saba. Nilikuwa nangoja nini?”

Hikesio alisema ameona madoa kama hayo katika nyumba nne za mtaa huu, na mbili kati ya hizo hazina mke. Aulus alisema madaktari hununulika. Akatangaza kwamba baada ya mazishi ataomba hakimu achunguze, na kila mtu aliyekuwa ukumbini alielewa maana yake: Tryfera na wenzake ni watumwa, na mtumwa hasikilizwi mahakamani mpaka ateswe kwanza. Tryfera alikuwa anapepea mwili wakati huo. Aliendelea kupepea.

Maneno ya kuanzia hapa yameongezwa baadaye, na wageni wamepewa nyongeza hiyo pia: leo asubuhi Aulus alipewa maandishi haya. Aliyasoma mara mbili, akataka habari ya uji ifutwe. Alipoambiwa wageni wameshapata nakala, alimuuliza Hostidia:

“Umewapa kabla ya kunionyesha mimi?”

“Kabla, baba mdogo.”

“Hivyo hukuniamini.”

“Wewe umemwamini nani?”

Aliyakunja maandishi yale. Kisha akasema mwingine asome. Aliulizwa wageni wataambiwa nini watakapomwona mdogo wa marehemu amekaa. Hapo akamwita Hikesio, wakazungumza wawili peke yao bustanini, na aliporudi akasema atasoma, ila lile asiloliamini atalinyamazia. Wenye nakala wanajua kama amenyamaza popote.

Marehemu ameacha mjane wake, Bi Vibidia, aliyekula naye mpaka kijiko cha mwisho. Ameacha binti, Hostidia. Ameacha mdogo wake, Aulus, ambaye kwa kuisoma sentensi hii kwa sauti yake ameliacha shauri la sumu, leo na siku zote. Ameacha pia watu wa nyumba yake, Tryfera, Dama, Nikias na mama mzee Sira, waliosimama nyuma ya machela, wazima wa viungo vyote, na jioni hii watarudi nyumbani hivyo hivyo kupika.

Udongo usimlemee. Alale, sasa hana wa kumchunguza.