Milimita Sita za Mama Rula

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa tisa na nusu alasiri, tabibu wa meno anayejulikana katika jengo zima kwa jina la Mama Rula atarudisha ufunguo wa Chumba Namba 14 na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kati ya miaka hiyo, kumi na tisa nimekaa upande wa pili wa ukuta wake wa mbao, mimi karani wa kidirisha. Ndiyo maana utawala umenipa ukurasa huu katika programu ya sherehe, nikaambiwa niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi. Nikishindwa, keki ipo.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii, niwaeleze kwa ufupi. Matibabu ya kupanga meno, yaani zile waya wanazofungwa watoto, ni ghali, na huduma ya afya ya umma haimfungi kila anayeomba. Kuna masharti mawili. La kwanza, meno ya juu yawe yamechomoza mbele ya yale ya chini kwa zaidi ya milimita sita. Zikiwa sita kamili au pungufu, kanuni inasema huo ni urembo, na urembo kila mtu anajilipia. La pili, matibabu yawe yameanza kabla mtoto hajatimiza miaka kumi na minane. Anayeshika rula na kusema huyu anaingia, huyu haingii, ndiye Mama Rula. Anayepiga chapa barua ya kusikitika ndiye mimi.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na sita, ndani ya koti jeupe lililompwaya, akapangiwa kuchemsha vifaa. Baada ya mwaka mmoja mpimaji wa wakati ule akahamishwa, na yeye akakabidhiwa rula aliyoikuta kwenye droo: ya chuma, fupi kama kidole cha kati. Tarakimu zake za mwanzo zimeshafutika kwa kusuguliwa, lakini yeye hazihitaji tena.

Chumba Namba 14 kiko mwisho wa korido, ukishapita eksirei, mkabala na stoo ya mashuka. Ngozi ya kiti cha wagonjwa imepasuka mara mbili, na mara zote mbili ameifunga kwa plasta ya vidonda. Taa haiwaki mpaka uipige konzi mahali panapohusika. Fundi umeme alipokuja kuitengeneza, Mama Rula alimwonyesha pa kupiga, naye akaandika kwenye fomu yake kwamba taa ni nzima, akaondoka.

Mafanikio nayo hayakukosekana. Mwaka mmoja fomu za maombi ziliisha, na kwa miezi saba hakuna mtoto aliyeweza kuandikishwa. Mwisho wa mwaka kitengo chetu kikapewa cheti cha kupunguza foleni. Mama Rula alipanda jukwaani, akapeana mikono, akapigwa picha, kisha akaja kukigandisha cheti kwenye dirisha lililovunjika kioo. Mpaka leo kinazuia mvua vizuri sana.

Hakuwa mtu wa kufunga mdomo kwenye vikao pia. Mkurugenzi mmoja, ambaye ameshahama, alisema mbele ya wajumbe kwamba meno kukaa vibaya ni jambo la kupendeza na kutopendeza tu. Mama Rula alimwomba kwa adabu zote atafune mkate wake bila kutumia meno ya mbele, na akiwa anatafuna aendelee kuhutubia, na akihutubia asionyeshe meno. Mkurugenzi akacheka, wajumbe wakacheka, yeye hakucheka. Ajenda ikaahirishwa na haikurudi tena.

Sasa utani wake. Hakuna anayemfahamu Mama Rula asiyejua kisa cha mbuzi aliyemeza rula, akawa tangu siku hiyo hawezi kukata kona. Mbuzi huyo alipita katikati ya harusi, akapita katikati ya mtihani wa hesabu, akapita chini ya meza ya mwalimu mkuu, na kila mahali anaomba radhi lakini hasimami. Ni utani mbovu. Nimeusikia kupitia mbao zile maelfu ya mara, na naujua kuliko namba yangu ya simu. Lakini watoto wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kisha kunakuwa kimya kidogo, na sauti inakuja kwenye kidirisha: "Nane!" au "Nne na nusu!" Nami naandika.

Wafanyakazi wapya humwona mcheshi. Si mcheshi hata kidogo. Tumetembea pamoja hadi kituoni kila jioni kwa miaka yote hii, na jioni nyingi hatamki neno. Katika mwaka wangu wa pili nilimuuliza kwa nini anajichosha na mbuzi yule kwa kila mtoto, hata siku ya watoto arobaini, ndipo akanisimulia habari za binti wa mwoka mikate.

Ilikuwa mwaka wake wa nne kazini. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, akapimwa, ikaonekana tano. Urembo, akarudishwa nyumbani. Miaka miwili na nusu baadaye alirudi kwa shida nyingine, jino la mbele limevunjika. Alipochomwa sindano ya ganzi alilegea kitini, na taya la chini likarudi nyuma polepole, na Mama Rula akabaki ameduwaa. Akachukua rula. Kumi na moja. Kumbe tangu utotoni binti alikuwa amejizoeza mbele ya kioo kulisukuma taya la chini mbele, ili meno yasionekane yamechomoza na wenzake wasimcheke. Hata kwenye kiti cha kupimwa alilisukuma, pasipo kujua kwamba analisukuma. Aibu yake ilikuwa imemwibia milimita sita, na sasa umri ulikuwa umempita kwa miezi michache. Mama Rula alimwandikia rufaa. Jibu likawa hapana.

Tangu hapo hajampima mtoto ambaye hajacheka kwanza. Mtu akicheka kwelikweli husahau kujificha, na taya hurudi mahali pake. Hapo hapo humwambia aume meno ya nyuma, na rula inaingia kabla aibu haijarudi. Jambo hili halimo katika mwongozo wowote. Limo kichwani mwake tu, na kuanzia Ijumaa jioni litakuwa limekwenda naye nyumbani.

Maana nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Jumatatu watoto watapigwa picha ya ubavuni shuleni kwao, kwa simu, na kamati ya makao makuu itapima kwenye skrini. Mama Rula aliandika kurasa mbili kueleza kwamba mtoto mwenye aibu, akisimamishwa mbele ya kamera na wenzake wakitazama, atalisukuma taya kuliko siku zote. Alijibiwa kwa mstari mmoja kwamba maoni yake yamepokelewa. Mwenyewe alisema angalau hawakukosea jina lake.

Ningeweza kuishia hapa tukakata keki. Lakini programu hii naipiga chapa mwenyewe, hakuna wa kunifutia, na kuna jambo la Jumatano wiki hii ambalo siwezi kuliruka halafu nikajiita nimeandika habari zake.

Miaka mitano iliyopita Mama Rula alifiwa na mumewe. Alipokuwa msibani tuliletewa mtu wa kumshikia nafasi kwa wiki mbili. Mtu mzuri, mwepesi wa kazi, asiye na utani. Katika wiki hizo alimpima binti wa fundi cherehani, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na mitatu. Akaandika tano. Barua ya kukataliwa niliipiga chapa mimi. Haki ya kukata rufaa ilikuwa imeelezwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo, kwa sababu tulikuwa tumeagizwa tubane karatasi, na mama yake hakuigeuza. Nani hugeuza barua ambayo imeshamwambia hapana?

Walirudi baada ya miaka mitatu na nusu, kwa kuwa meno ya chini yalikuwa yanamchoma binti kaakaa na kumtoa damu kila anapotafuna. Nilimsikia mbuzi akipita harusini, nikamsikia binti akicheka, halafu kimya kikawa kirefu kuliko kawaida. Nikadhani rula imeanguka. Kisha Mama Rula akasema kwa sauti ya chini, "Kumi. Andika kumi, mdogo wangu." Mimi nilikuwa nimeshika kalamu na barua yangu ya zamani iko mbele yangu ndani ya faili, ina saini na mhuri.

Aliidhinishwa siku hiyo hiyo. Lakini kuidhinishwa ni kupewa namba tu. Waya hufungwa hospitali kuu, na daktari wa kuzifunga ni mmoja, siku mbili kwa wiki. Mama Rula aliandika mara tatu kuomba binti asogezwe mbele kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Alijibiwa mara mbili kwamba kila mzazi ana haraka, na mara ya tatu hakujibiwa. Binti akatimiza miaka kumi na minane tarehe kumi na moja ya mwezi huu. Tarehe ishirini ukatoka wito wake: afike Jumatano, tarehe ishirini na sita, kufungwa waya. Siku iliyofuata ikatoka barua ya pili ya kuufuta ule wito, kwa sababu ya umri. Ya kwanza ilifika nyumbani kwao. Ya pili walikuwa hawajaipata, na nakala yake ilikuwa ndiyo kwanza imefika mezani kwangu, Mama Rula ameshaisoma.

Jumatano asubuhi walipita kwetu wakiwa njiani kwenda hospitali kuu. Binti amevaa gauni jipya, mshono wa mama yake. Mama mtu akainama kidirishani huku anacheka: "Kaka, tumepita kumshukuru Mama kwanza. Leo anafungwa!" Akaniambia pia kwamba binti amepata nafasi chuo cha ualimu, na kwamba sasa atasimama mbele ya darasa bila kuziba mdomo kwa mkono. Mimi nikasema karibuni. Naona aibu mpaka sasa.

Nilitaka niingie nikawaambie mimi, Mama Rula akanizuia kwa mkono. Akafunga mlango. Kupitia mbao nilimsikia akisema, "Mwanangu, tumekuchelewesha." Akawaambia wito umefutwa kwa sababu ya umri; hakutaja kanuni, hakutaja kamati. Mama mtu akauliza umri umempita kwa muda gani, akaambiwa siku tisa, zikihesabiwa mpaka siku wito ulipotoka. "Mtoto amengoja miaka mitano," akasema, "halafu siku tisa ndiyo zimekuwa nyingi?" Kisha nikamsikia binti, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mkubwa wake: "Usilie, Mama. Mimi nimeshazoea."

Nilidhani anamwambia mama yake. Alikuwa anamwambia Mama Rula. Katika miaka kumi na tisa, hata msiba wa mumewe ukiwamo, sikuwahi kumsikia akilia kazini, na Jumatano nilimsikia mpaka mtu wa eksirei akaja kuuliza kuna nini. Watoto wanne waliokuwa kwenye benchi walisubiri. Saa moja baadaye alinawa uso, akaipiga taa konzi, akamwita wa kwanza, na mbuzi akaanza safari yake. Sijui aliwezaje.

Jioni hatukwenda kituoni moja kwa moja. Aliniomba nimsaidie mama wa binti kuandika ombi la nakala ya faili ya kukatia rufaa, ambayo ni haki yake, nami nikaitoa nakala hiyo ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ile barua yangu, mbele na nyuma. Jumatatu, siku ambayo mstaafu yeyote mwenye akili timamu angelala mpaka jua limwamshe, Mama Rula atakuwa kwenye benchi la makao makuu, katikati ya binti na mama yake. Kama mtumishi hakuruhusiwa kumsemea mgonjwa mbele ya kamati. Jumatatu atakuwa si mtumishi. Ataandika kwenye daftari la wageni kwamba yeye ni shangazi.

Nisiwadanganye wageni wetu, wala nisimdanganye yeye. Rufaa za waliopitwa na umri hupitia kwangu kwenda na kurudi. Kwa miaka kumi na tisa zimekuwa mia mbili na sita, na hakuna hata moja iliyorudi na ndiyo. Nilimwambia hivyo tukiwa bado tumesimama kwenye mashine ya nakala. Akasema anajua, akaniomba nibane kurasa vizuri zisitawanyike.

Mama Rula, kwa niaba ya wenzako wa korido nzima, ahsante. Ahsante kwa kila mtoto uliyemkuta amejificha ukamtoa. Samahani kwa wale tuliowarudisha kwa mkono wako na kwa mashine yangu. Utawala umekununulia saa ya ukutani, utakabidhiwa baada ya hotuba, na tafadhali tabasamu kwenye picha. Tulikuwa tumepanga kukutakia usingizi mrefu, wajukuu wengi na miguu isiyovimba, na hayo yote tunakutakia, lakini itabidi yasubiri kidogo. Kwa Jumatatu tunakutakia foleni fupi, na karani atakayeinua uso kumtazama binti kabla hajasema hapana.