Ndugu Lutengano Aokota Mpira Wake

Tarehe 30 Juni 1977 Ndugu Lutengano Mwakajila, dereva wa greda wa karakana yetu ya ujenzi hapa Sumbawanga, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Barabara ya Mpui ameichonga mara nyingi hata mashimo yake anayajua moja moja. Mashimo nayo yanaujua mgongo wake.

Alizaliwa Rungwe, na ujanani alibeba mifuko ya Wazungu waliocheza gofu kwenye shamba la chai. Alipohamishiwa huku mwaka 1959 alishuka na mkewe, Mama Sekela, godoro moja, na fimbo nne za gofu alizoachiwa na bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nyuma ya karakana, upande wa Mazwi, alichimba mashimo manne, akazika kopo la maziwa katika kila shimo na kulizungushia mchanga uliochanganywa na oili chafu ya greda, ili mpira ubingirike vizuri. Tulimcheka sana, kisha mmoja mmoja tukaomba kufundishwa.

Kwenye mkutano wa tawi la chama wapo waliouliza kama huu si mchezo wa mabwana. Ndugu Lutengano alisimama akaeleza kwamba mabwana kila mmoja alikuwa na mfuko wake, ilhali hapa watu kumi na wawili wanatumia fimbo nne, na unayoitaka iko mkononi mwa mwenzako. Mkutano ukaridhika, na katibu wa tawi mwenyewe akaja Jumamosi iliyofuata.

Mwaka 1971 mgongo uligoma. Aliinama kuutoa mpira koponi, akabaki hapo hapo ameinama. Machela hatukuwa nayo, tukamlaza juu ya kibao cha barabarani kilichoandikwa POLEPOLE, WATU WAKO KAZINI, tukambeba hadi nyumbani. Mama Sekela alifungua mlango, akakisoma kibao kwanza, ndipo akauliza, "Kazi gani hii?"

Mganga hospitalini alimwambia achague, mgongo au gofu. Mzee akachagua vyote viwili: atacheza, ila hatainama. Tangu siku hiyo kazi ya kumwokotea mpira alipewa mwandishi wa maneno haya, Kalisti wa stoo. Kila mara alishukuru, lakini alikuwa akitazama pembeni, na wote tuliona kwamba inamuuma. Siku moja alisema waziwazi kwamba hataki kustaafu kabla hajautoa mpira wake koponi kwa mkono wake mwenyewe.

Ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kila ofisi ilime chakula chake, na uwanja wetu ukaamriwa ulimwe. Tulidhani gofu imekwisha. Msimamizi wa shamba alikuwa Mama Cornelia, mpishi wetu, mzaliwa wa Msanzi. Alipanga matumba, yale matuta ya duara ya Kifipa yanayofukiwa majani chini ili yaoze, akatuachia vijia vyembamba katikati. Ukiupiga mpira upande, umeupeleka kwenye maharage. Ndugu Lutengano, ambaye zamani alijipinda mwili mzima ili mpira uende mbali, sasa akawa anaupiga kwa mikono tu, mfupi na ulionyooka. Mgongo ukapata nafuu na mchezo ukapanda. Sisi wenye migongo mizima tulikuwa tunapekua maharage, yeye yuko shimoni anatusubiri.

Kulima nako alikataa kusamehewa. Alisema hawezi kuonekana na fimbo Jumamosi halafu akakosekana na jembe Jumatatu. Lakini kila akiinama anakwama, mpaka Mama Cornelia akamkemea: "Mzee, usijikunje kama kisu! Goti moja chini, jembe liwe mkongojo." Kwa misimu mitatu alifukia majani hivyo hivyo, taratibu, akiguna.

Jumamosi iliyopita alicheza nasi mara ya mwisho. Kwenye shimo la nne mpira uliingia koponi, na mwokotaji akasogea kama ilivyo ada. Mzee akamzuia kwa mkono. Akaisimamisha fimbo ardhini kama jembe, akashusha goti moja, akatulia, akashuka tena kidogo. Mama Sekela alifumba macho. Mkono uliingia koponi ukatoka na mpira, umechafuka kwa oili mpaka kwenye kifundo. Kisha akainuka, mzima. Mama Cornelia alichuchumaa akampigia makofi ya heshima ya Kifipa, nasi sote tukachuchumaa tukafuata. Mzee alilia, na waliosema ni vumbi la kiangazi walikuwa wanalia pia.

Ndugu Lutengano, ahsante kwa barabara, kwa mchezo na kwa ukaidi wako. Unarudi Rungwe na fimbo mbili, mbili umetuachia. Tunakuombea wewe na Mama Sekela njia laini, afya, na mgongo usio na kinyongo. Nami Kalisti, baada ya miaka sita ya kukuokotea mpira, sina kazi tena, na sijawahi kufurahi hivi kuachishwa kazi.