Nyangumi Penye Wavu wa Hoko

Seini aliipata habari ya nyangumi kwa mama mkwe wake, Losaline, aliyemtuma dukani kununua mkate Jumamosi alasiri. Nyangumi mwenye nundu ameingia ghubani na kitoto chake, akajilaza pale pale Hoko anapotega wavu, na sasa watu wa benchini wanataka kumfukuza. Seini akambeba mwanawe mchanga, akaongeza hatua.

Benchi liko mbele ya duka la Pauliasi, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Hoko, mwana wa Losaline na shemeji yake Seini, alikuwa na mashine ya boti miguuni na kikombe cha kahawa mkononi. Alitaka kwenda kumfukuza na kutega wavu kabla jua halijazama, maana Jumapili hakuna boti inayogusa maji hapa visiwani Vava'u, na tanuri la nyumbani lilingoja samaki wa Jumapili.

Redio alisema nyangumi huyo kapotea. Hoko akabisha: kamkimbia mumewe, yule anayeimba nje ya miamba usiku kucha. Redio akaapa kwamba dume lile limejifunza nyimbo kwa kwaya yetu.

— Kama limejifunza kwako, mke ana haki ya kukimbia, alisema Hoko.

Seini aliangalia maji. Kitoto kiliibuka kupumua, kikarudi chini ya mama yake kunyonya, na mama hakutikisika. Hoko akainua mashine. Seini akasogea mbele yake.

— Shemeji, yule mtoto ameshashiba?

Redio akageuka kutazama maji.

— Nitajuaje mimi? alisema Hoko.

— Basi mngojee ashibe.

Hoko akaweka mashine chini. Kitoto kikaibuka, Redio akasema tayari. Kikarudi chini, Hoko akasema bado. Walibishana hivyo mpaka birika likakauka na jua likazama.

— Mama akiuliza samaki, utamjibu wewe, Hoko alimwambia, akiondoka na mashine begani.

Asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, Seini alikuwa akifunga nyama ya kopo na tui kwenye majani ya magimbi. Losaline akachungulia tanuri, akauliza samaki wako wapi. Kwa kawaida Seini angeinamisha kichwa tu.

— Wavu haukutegwa, mama. Nimewazuia mimi. Pale pana mzazi.

Losaline alimtazama, kisha akaketi kando yake, akachukua jani, akafunga naye.