Sahihi Moja ya Cheche

Wasikilizaji wapendwa, ketini nami kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa kuchomelea, mtu wa utani, tuliyemwita Cheche. Tulimzika Jumanne.

Miaka sita iliyopita alianguka kutoka mnara wa tangi la maji. Uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikanyamaza. Miaka sita, wasikilizaji. Chumba kimoja, dirisha moja. Kiti cha magurudumu kililetwa, hakikupita mlangoni. Mlango huo wa chuma aliuunda mwenyewe, mwembamba, mwizi asipite na televisheni. Alicheka: "Mwizi nimemkosa, nimejikamata mimi."

Cheche na mkewe walimpata binti yao kwa mimba iliyoanzishwa maabara. Viinitete vingine vitatu, mayai yaliyokwisha rutubishwa, vikabaki hospitalini, vimegandishwa. Kila mwaka fomu huja: vihifadhiwe, viteketezwe, au vitolewe kwa utafiti? Sahihi zinatakiwa mbili.

Cheche akasikia kwamba kwenye viinitete hupatikana seli shina, seli ambazo bado hazijaamua kuwa moyo, jicho au mshipa wa fahamu. Watafiti wanajaribu kuzitumia kutengeneza palipoharibika. Akadhani miguu yake hiyo inakuja. Akasaini upesi vitolewe kwa utafiti. Daktari akaja kuketi kitandani.

"Nisikudanganye, fundi. Hii haitakuwa dawa yako."

"Ya nani, basi?"

"Labda ya mtu ambaye bado hajaanguka."

"Iache sahihi yangu. Huyo naye ni mteja."

Mkewe hakusaini. Ameniambia mwenyewe: "Nilimwambia, 'Baba, binti yetu alitoka humohumo. Nikitia kalamu, nitamtazamaje?' Akanijibu, 'Na mimi, mke wangu, unanitazamaje?' Hatukulizungumza tena."

Kisha mapafu yakamshinda fundi, akaenda. Fomu iko juu ya kabati, mwisho wake Ijumaa. Ina sahihi moja. Moja tu, wasikilizaji. Shemeji anamwambia mjane, "Saini, huo ni wosia wa kaka." Wenzake wa ibada wanamwambia akisaini ameua. Wote wanamaliza kwa neno lilelile: omba, utajibiwa.

"Nimeomba, dada," aliniambia. "Nimeinuka, fomu ni ileile."

Pole, mama. Pole, binti. Mungu amlaze fundi pema. Mimi pia ni mjane, magoti yangu yanaijua sakafu, na sijui kalamu hiyo ningeifanyaje. Basi ninyi mtakaokwenda kuwapa pole kabla ya Ijumaa, kaeni naye tu. Aliyebeba jibu aliache nje.