Alidhani Masika Ni Mmoja

Ndugu zangu, mwenyekiti wa chama chetu ameniomba niongee polepole, bila hasira. Nimemwambia nitajaribu. Nyie mnaonijua mnajua siwezi, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nauza vitenge soko la Bwera, kule mpakani. Wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, Congo, na wananipigia simu kabla ya kuvuka: Masika, ile ya maua ya njano iko? Naiweka kando, wanakuja kuichukua. Simu ndiyo duka langu. Lijueni hilo kwanza, ndipo mtaelewa yule mtu alichonifanyia.

Alikuwa dereva wa lori la saruji, anapakia kiwandani Hima anashusha Bwera. Si mtu wa huku, na jina lake sitalitaja, halistahili kusikika humu ndani. Alinunua kwangu kitenge cha mama yake, akaomba namba, nikampa. Akaongea vizuri kwa muda. Siku nilipokuja hapa Kasese akanialika chakula cha mchana, nikaenda. Sasa sikilizeni. Tukiwa tunakula, simu yangu ikalia mezani. Akaichukua yeye. Akapokea yeye. Akamuuliza mteja wangu, "Wewe nani, unamtakia nini huyu?" Kisha akaiweka chini akaendelea na samaki wake.

Nikanawa mikono. Nikamwambia, "Asante kwa chakula, kaka. Mimi na wewe tuishie hapa." Sikumtukana. Akacheka, akasema, "Utanikumbuka."

Haikuchukua muda akafungua ukurasa Facebook, akauita Masika wa Bwera. Picha yangu hakuwa nayo, kwa hiyo akaweka ya mwanamke mwingine, karibu uchi, na chini yake namba yangu. Akaandika kwamba najiuza, kwamba naambukiza watu ugonjwa makusudi. Nawaambia, simu ilianza kulia asubuhi ile na haikunyamaza. Wanaume nisiowajua, wananiuliza bei. Mteja wangu wa Kasindi, ng'ambo, akanipigia akaniuliza kwa aibu, "Mama, ni weye ule batu beko nasema?" Yaani, ni mimi yule watu wanayemsema. Nikaizima simu. Vitenge vikakaa vimekunjwa, nami kando yavyo naona haya kwa jambo nisilolifanya.

Nikaenda kituoni. Afande akaangalia, akatabasamu, akaniambia, "Dada, badilisha laini." Mimi nibadilishe. Mimi. Wateja wote wanaijua namba ile, nimeijenga miaka yote hiyo, halafu mimi ndiye wa kuhama.

Lakini yule mjinga hakujua kitu ambacho mtoto yeyote wa huku anakijua. Kwetu Wakonzo, binti wa kwanza ni Masika. Kila nyumba ina wake. Ukiita Masika katikati ya soko la Bwera, safu nzima ya vitenge inageuka, na ya samaki pia.

Basi Masika wenzangu wakanijia, wamekasirika kweli. Mmoja mume wake alikuwa amemfungia mlango. Mwingine mama mkwe ametoka Bugoye mpaka sokoni kuja kumhoji. "Futa hayo mambo yako," wakaniambia. Nikalia mbele yao. Nikawaonyesha ujumbe ambao yule dereva alikuwa ananitumia, matusi na vitisho. Mkubwa wetu, bibi anayeuza samaki wakavu, alisikiliza ukisomwa wote mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja, "Huyu mutu anashusha mizigo yake wapi?"

Hapo ndipo mambo yaligeuka. Vijana wanaoshusha saruji pale ni watoto wetu na kaka zetu. Lori lilipofika, hakuna aliyegusa mfuko. Dereva akateremka anafoka, akatukuta tumesimama, Masika wote wa soko, pamoja na mwenyekiti wa soko. Akaninyooshea kidole. "Mimi nina shida na huyu mmoja tu."

Bibi akamjibu, "Umeandika Masika wa Bwera anajiuza. Mimi ni Masika, na niko Bwera. Niambie, mwanangu, najiuza wapi?"

Nikamfungulia ukurasa wake kwenye simu yangu. "Soma," nikamwambia. "Kwa sauti." Akasoma mstari mmoja. Wa pili akauacha katikati, akabaki anaangalia matairi, mwanaume mzima aliyeweza kuandika yote yale. Mwenyekiti wa soko akampeleka kituoni, nasi nyuma yao. Yule afande safari hii hakutabasamu. Aliandika maelezo ya kila mmoja wetu, Masika baada ya Masika, na huko ndiko ukurasa ulikofutwa, baada ya kuwekwa kama ushahidi.

Watu wananiambia samehe. Bado. Wapo wateja ambao hawakurudi mpaka leo, na zipo simu ambazo picha zile bado zimo.

Nawashukuru wale Masika, walikuja kunigombeza wakabaki kunisimamia. Nawashukuru vijana wa saruji. Nawashukuru nyie wa chama hiki mliokuja kununua kwangu wakati wengine wanapita mbali. Ninalowaachia ni hili: kumkatalia mtu si kosa, na aibu ile haikuwa yangu hata kidogo. Ilikuwa nzito kwa sababu niliibeba peke yangu. Kama kuna binti humu ambaye anaogopa kuitazama simu yake, anifuate baada ya kikao. Sitamuuliza alivaa nini, wala kwa nini alikubali kwenda kula. Nitavaa viatu tu, twende kituoni.