Feni ya Chumba cha Deraya

Kwa heshima zote, watumishi wa Nyumba ya Maonyesho ya Mwambao, Bagamoyo, wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe 30 Juni feni ya chumba cha pili itakuwa huru kumpepea binadamu. Siku hiyo anastaafu Mzee Bwanausi Haidar, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, mingi yake akiwa ameielekeza feni hiyo kwenye deraya.

Deraya, kwa asiyeijua, ni vazi la vita la zamani: fulana ya pete ndogondogo za chuma, kila moja imeshikana na nyingine nne. Mzee Bwanausi alitoka Mlingotini akaajiriwa kulinda geti. Siku moja aliingia ndani kukwepa mvua, akaiona, na geti likakosa mwenyewe.

Alikuwa anawaeleza wanafunzi bila kuipamba. Upanga ukitua juu yake unateleza. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini rungu halina haja ya kupenya ili livunje mbavu, ndiyo maana askari alivaa koti nene la pamba chini yake. Mkuki wenye ncha nyembamba hupasua pete. Uzito nao hukaa mabegani, labda mtu afunge mkanda kiunoni. Mtoto akiuliza habari za risasi, Mzee alimtazama kwa huruma, kisha akahamia kabati linalofuata.

Adui wa deraya hapa kwetu ni upepo wenye chumvi, unaokula chuma. Mzee akaamua kuipaka mafuta ya nazi, yale ya nywele ya mkewe, Bi Maulida. Iling'aa kweli. Wiki hiyohiyo walikuja walimu kutoka Msata, akaivaa waione. Majimoto, wale chungu wekundu, walikuwa wameshaingia kufuata mafuta. Sasa, deraya haivuliwi kama shati: unainama, unanyoosha mikono, unajitikisa mpaka idondoke yenyewe. Aliyafanya yote hayo kwa kasi ambayo hatujaiona tena. Walimu wakapiga makofi wakidhani ni ngoma ya vita.

Mardhiya wa mapokezi, alipoweza kusema, alimwambia, “Shikamoo shujaa! Mapanga yote umeyashinda, umekuja kutolewa na chungu?”

“Marahaba. Na hilo liandikwe kwenye kibao.”

Limeandikwa. Lipo mpaka leo.

Kamati ya Nyumba yetu haikucheka. Iliamua kwamba kutu ikionekana hata kwenye pete moja, deraya itafungwa sandukuni ipelekwe stoo Dar es Salaam, na huko hakuna mtoto wa Bagamoyo atakayeiona. Mafuta yakaisha siku hiyo. Kikaja kitambaa kikavu kila asubuhi, na feni kutwa nzima, sisi tukilowa jasho. Cosmas wa uhasibu aliwahi kuigeuza akila wali. Mzee aliirudisha, na kesho yake akamletea upepeo wa ukili.

Kutu haijaonekana. Kitambaa sasa anacho Paskalina, anayemrithi Mzee, na ameanza kututazama kwa jicho lilelile.

Tulimuuliza Mzee tumpe zawadi gani. Wengi tulikuwa tumeshachagua kiti cha kupumzikia. Aliomba kitu kimoja, feni isigeuzwe.

Ahsante, Mzee wetu. Mabega yako yapumzike, na Mlingotini ikupepee bila umeme.

Tangazo lililo hapo juu limefutwa.