Kabati la Sista Marieta

Tarehe 30 Juni Sista Marieta Baltazar anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi katika wilaya za Hanang na Mbulu. Nimeombwa niandike mambo ya kufurahisha. Nitajaribu.

Alianzia Getanuwas, ambako alijifunzia pikipiki na kuishia ndani ya zizi la mbuzi. Hadi leo chai yake ina sukari ya kutosha harusi nzima. Na akikuambia utoke chumbani, unatoka.

Mwaka juzi shemeji zake walimleta hapa kwenye kituo chetu cha afya mama mmoja wa Tumati, mtu mzima na akili zake, aliyebakwa na jirani. Shemeji hao walikuwa wameshapatana na huyo jirani: ng'ombe mmoja, yaishe. Mama mwenyewe hakuulizwa. Gauni lake walishalifua, eti kuficha aibu. Aibu ya nani? Na mwenzetu wa mapokezi akadai aende polisi kwanza ndipo atibiwe. Nikikumbuka, hasira inanipanda upya.

Marieta aliwasalimia vizuri, kisha akawatoa wote nje. "Mwenye mwili ndiye atakayesema," aliwaambia.

Mama akasema anataka matibabu. Polisi, si leo. Akatibiwa hapohapo, akapewa na dawa za kuzuia VVU. Kwa ridhaa yake, Marieta alichukua nguo ya ndani ambayo bado alikuwa ameivaa, akaiacha ikauke, akaitia kwenye mfuko wa kaki, maana kwenye nailoni ingeoza. Akaufunga, akasaini, akaufungia kabatini.

Wapo waliomcheka humu ndani, kwamba anatunza nguo za watu na kesi hakuna. Wanajijua.

Baada ya miezi kadhaa mama alirudi, safari hii peke yake. Aliuliza jambo moja tu: "Ule mfuko bado upo?"

Ulikuwepo. Marieta alimsindikiza polisi, na mwaka huu yule jirani amefungwa.

Sasa tunasikia chumba chenye kabati hilo kinatakiwa kiwe stoo ya viti. Viti! Marieta amekataa blanketi tulilotaka kumchangia, ameomba kufuli jipya la kabati. Tumelinunua. Ufunguo anao Sista Hajira, aliyefundishwa naye, na viti vitatafutiwa pengine.

Dada Marieta, asante sana. Nenda kijijini Daudi ukalime njegere zako, Mungu akupe afya na mvua za kutosha. Akija mwingine kuuliza, mfuko utakuwepo.